Shajara ya mradi: kusaka sentimita kwenye mtaro wa Tandale

Jumamosi, 8 Februari 2025

Masika yakishika, mtaro wa mtaa wetu haumwagi. Maji yanashuka vizuri kutoka juu, yakifika usawa wa kibanda cha mama ntilie yanatuama, yanaota ukijani, na mbu wanapata makao. Kila mtu ana sababu yake. Mjumbe anasema takataka. Vijana wa kijiweni wanasema mto umejaa mchanga. Mimi nasema mtaro una mgongo katikati, ila sina ushahidi, na kwenye kikao cha mtaa neno lisilo na namba halifiki mbali.

Mtaro una mita 180 hivi mpaka unapomwaga Mto Ng'ombe. Kwa macho tu, mteremko wote kutoka mwanzo hadi mwisho haufiki hata urefu wa meza. Ninachotafuta basi ni sentimita, na nataka kuzipata kwa vifaa vya setilaiti vya bei ndogo, kwa sababu mashine ya mpima ardhi siimudu hata kwa kukodi.

Leo nimeanza na nilichonacho: kidude cha GPS cha NEO-M8N nilichonunua Kariakoo siku nyingi, kile cha kuwekea kwenye droni. Nimekipandisha juu ya paa, nimekiunga na kompyuta, nikakiacha kirekodi usiku kucha na mchana kutwa.

Jumatatu, 10 Februari

Matokeo ya saa 24: kwenye ulalo, nukta zimetawanyika kama mchele uliomwagika, nusu yake ndani ya mita 1.6 kutoka katikati, nyingine zimekimbilia mita 4. Urefu wa kwenda juu ndio aibu. Unapanda na kushuka kati ya mita -11 na mita -20. Anayesoma bila kujua atadhani tunaishi chini ya bahari.

Hilo la alama ya kutoa si kosa. Setilaiti zinapima urefu kutoka kwenye umbo la hesabu la dunia, duaradufu ya WGS 84, na pwani yetu usawa wa bahari uko karibu mita 28 chini ya umbo hilo. Hata kituo cha kudumu cha MAL2 pale Malindi, kinachotegemewa na wataalamu wa dunia nzima, urefu wake ni takriban mita 20 chini ya sifuri. Kosa ni huo mtawanyiko wa mita 9.

Mtawanyiko unatoka wapi? Kipokezi kinapima muda ambao mawimbi yametumia kusafiri kutoka kilomita 20,200 juu. Ukikosea nanosekunde 10 umekosea mita 3. Zamani Wamarekani wenyewe walikuwa wanavuruga mawimbi ya kiraia kwa makusudi. Waliacha mwezi Mei mwaka 2000. Baada ya hapo adui mkubwa ni ionosfera, tabaka la chembe za umeme linalochelewesha mawimbi. Vipokezi vya masafa moja hukisia ucheleweshaji huo kwa fomula ya Klobuchar, ambayo vigezo vyake hurushwa na setilaiti zenyewe, na fomula hiyo huondoa kama nusu ya kosa. Nusu iliyobaki unakaa nayo.

Nilijaribu dawa ya wavivu: kupiga wastani. Wastani wa siku ya kwanza na wa siku ya pili umepishana mita 1.3 kwa urefu. Wastani unasaidia pale makosa yanapokuja ovyo ovyo. Haya yanapanda na kushuka polepole kwa saa nzima nzima, yote yakiegemea upande mmoja.

Ila nimeona kitu kizuri. Setilaiti ya GPS namba 17 ilididimia nguvu ghafla jana saa 4:16 asubuhi, ikarudi baada ya dakika chache. Leo imedidimia vilevile, saa 4:12. Setilaiti za GPS hurudia njia yake angani kila baada ya saa 23 na dakika 56, kwa hiyo kinachojirudia kikiwa kimetangulia dakika 4 si hali ya hewa. Ni kitu kilichosimama hapa hapa. Nilipanda juu kuangalia upande ambao setilaiti ilikuwepo: simtanki la lita 2,000, limejaa maji, mita moja na nusu kutoka kwenye antena. Mawimbi yalikuwa yanafika mara mbili, moja kwa moja na kwa kugonga tangi.

Nimeihamisha antena upande wa pili wa paa na kuinyanyua juu ya bomba la chuma.

Alhamisi, 20 Februari

Mzigo umefika: bodi mbili za u-blox ZED-F9P, na antena mbili za ANN-MB zenye sumaku chini. Hivi ndivyo vilivyokula sehemu kubwa ya bajeti. Bodi moja itakaa juu ya paa kama besi, nyingine itatembea nami kama rova.

Dogo wa jirani aliuliza mbona nimenunua tena GPS wakati ninayo. Nilimweleza hivi. Kidude cha zamani kinasikiliza msimbo, na kila kipande cha msimbo huo angani kina urefu wa mita 293. Hata ukisoma kwa uangalifu wa asilimia moja, unabaki na mita 3. Hii mpya inasoma mawimbi yenyewe yanayobeba msimbo, ambayo urefu wake ni sentimita 19 tu kwenye masafa ya L1 na sentimita 24 kwenye L2. Asilimia moja ya hapo ni milimita 2.

"Sasa kwa nini wote wasifanye hivyo?"

Kwa sababu mawimbi hayana namba, dogo. Ni kama futi ya fundi cherehani iliyofutika tarakimu, imebaki mistari. Unaona vizuri kabisa kwamba umeishia milimita 4 baada ya mstari, ila hujui ni mstari wa ngapi. Kazi yote ya RTK, yaani upimaji huu wa besi na rova, ni kuhesabu hiyo mistari kwa kila setilaiti. Ikikamilika, programu inaandika fiksi. Ikiwa bado inakisia, inaandika floti, na floti inaweza kukudanganya nusu mita huku ikikuchekea.

Masafa mawili yanasaidia sana hapa, maana mawimbi ya sentimita 19 na ya sentimita 24 yanakubaliana kwenye majibu machache tu, na mengi ya uongo yanaanguka yenyewe. Na besi inafuta yaliyobaki: iko mita 200 kutoka mtaroni, inatazama anga lile lile kupitia ionosfera ile ile, kwa hiyo kosa lake ni kosa langu. Ukitoa moja kwa nyingine, linakufa.

Jumapili, 23 Februari

Antena hizi zinataka bati pana chini yake, ili mawimbi yanayodunda kutoka chini yasiingie. Paa letu ni mabati ya migongo, limeinama, na halifai. Nilizunguka jikoni nikitafuta kitu cha chuma, cha duara, bapa, kinachoshika sumaku.

"Hilo ni sinia langu la pilau, mwanangu."

"Naomba uniazime, mama. Nitalirudisha kabla ya Idi."

"Likitobolewa usirudi nalo."

Sijalitoboa. Nimelifunga juu ya bomba kwa waya na bolti mbili za kubana ukingoni, antena imeng'ang'ania katikati kwa sumaku yake. Hiyo namba 17 asubuhi ya leo imepita bila kutikisika. Sitaki kusema sinia peke yake ndilo lililofanya kazi, maana niliondoka pia kwenye tangi. Lakini nguvu ya mawimbi ya setilaiti za chini karibu na upeo imetulia kuliko nilivyotarajia, na hilo naliwekea sinia alama ya vema.

Jumanne, 4 Machi

Siku kumi karibu zimekwenda na hakuna hata nukta moja ya mtaro iliyopimwa. Nimezipoteza kwa kosa langu mwenyewe.

Besi inatuma masahihisho kwa kudhani inajua mahali ilipo. Mimi niliipa nukta ya wastani wa kujipima yenyewe kwa saa moja, nikaona inatosha. Nilipozima na kuwasha, ikajipima upya ikapata nukta nyingine, mita 1.1 kando. Kila nilichopima na rova siku ya pili kikahama mita 1.1, kwa fiksi safi kabisa, kijani tupu kwenye skrini. Nilitafuta hitilafu kwenye nyaya, kwenye ESP32, chipu ndogo ya Wi-Fi inayorusha masahihisho mtandaoni, kwenye simu. Nilibadilisha hata waya wa antena. Kumbe fiksi inaeleza uhusiano wa rova na besi tu. Besi ikidanganya, rova inarudia uongo ule ule kwa usahihi wa sentimita.

Nilichofanya: nimeiacha besi irekodi data ghafi saa 24, nikazigeuza kuwa RINEX, muundo wa faili unaosomwa na programu nyingi za upimaji, kwa RTKLIB, programu ya bure ya Mjapani Tomoji Takasu, kisha nikazipeleka kwenye huduma ya CSRS-PPP ya serikali ya Kanada, nayo ni bure. Wanachukua mizingo na saa sahihi za setilaiti zilizokokotolewa baadaye na kukurudishia jibu kwa barua pepe. Lilifika kabla chai haijapoa. Nukta ya paa letu: sentimita moja na ushee kwa ulalo, sentimita chache kwa urefu. Nimeiandika kwenye kumbukumbu ya bodi na kuifungia humo, isijipime tena.

Ukweli ni kwamba kwa mteremko peke yake nisingehitaji nukta ya kweli ya besi, ningehitaji isibadilike. Ila nataka siku moja mtaro huu ulale juu ya ramani za mafuriko ambazo vijana wa Ramani Huria walianza kuzichora Dar mwaka 2015, na hapo huwezi kuja na nukta za kubuni. Tahadhari kwa atakayefuata njia hii: ramani nyingi za zamani za viwanja ziko kwenye mfumo wa zamani wa vipimo vya ramani, Arc 1960, na ukizilaza juu ya namba za setilaiti bila kuzigeuza, kila kitu kinahama karibu mita 300. Hiyo si tofauti ya mpaka. Hiyo ni mtaa mwingine.

Jumatano, 12 Machi

Kwa sababu ya Ramadhani na jua, niliamua kupima usiku baada ya futari. Hakuna watu, hakuna bodaboda, kuna ubaridi kidogo. Nikasimama na fimbo yangu yenye antena ya rova juu, mwanzo wa mtaro saa 2 kasoro.

Fiksi ilikaa dakika tano. Kisha floti. Kisha fiksi. Kisha floti moja kwa moja. Nilitazama nguvu za mawimbi: setilaiti za upande wa kaskazini zilikuwa zinacheza kama taa ya umeme mdogo, na L2 ndiyo iliyokuwa inaumia zaidi. Saa 3, saa 4, hali ile ile. Anga safi, nyota zote nje.

Tandale iko pabaya kwa jambo hili. Ikweta ya sumaku ya dunia hapa Afrika Mashariki inapita juu ya Ethiopia. Jua likishachwa, chembe za umeme zilizonyanyuliwa juu ya mstari huo huwa zimemwagikia pande zote mbili, na sisi tuko karibu na lundo la upande wa kusini. Ndani ya lundo hilo hujitokeza mapovu, na mawimbi yanayopita humo yanakatikakatika mpaka kipokezi kinapoteza hesabu ya mistari. Mbaya zaidi ni Machi na Septemba, mchana na usiku vinapokaribia kulingana, na mbaya kabisa ni miaka jua linapokuwa na madoa mengi kama hii. Nimechagua mwezi, saa na mwaka kwa mkosi usio wa kawaida.

Vitabu vingi vya mwongozo vimeandikwa na watu wa Ulaya, ambako usiku ndio ionosfera imelala. Huku kwetu fuata ratiba ya wauza samaki: kazi iishe asubuhi.

Jumamosi, 15 Machi

Kabla ya kwenda mtaroni nilitaka shahidi asiyejua habari za setilaiti. Nikamwita fundi muashi wa mtaa wa pili, mtu mzima, aliyejenga nusu ya nyumba hizi.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Kifaa chako kinaumwa nini?"

Alikuja na mpira wa maji, ule mwembamba unaoonyesha ndani. Nilikuwa nimepigilia misumari miwili kwenye zege, mita 18 kutoka mmoja hadi mwingine. Akajaza maji, akagonga mpira kwa kidole mpaka mapovu yakatoka yote, akaniambia nishike ncha yangu juu ya msumari na nisipumue karibu nao. Maji yakayumba, yakatulia. Akaweka alama kwa penseli, akapima kwa futi: sentimita 11 na nusu.

Rova asubuhi saa 2 ilisema 12.6. Saa 5 ikasema 10.4. Nikarudia mara kumi, nikiondoa fimbo na kuirudisha: zote kati ya 10 na 13.

Fundi alizitazama zile namba kwenye simu, akatazama mpira wake. "Sasa si ungeniita mimi tangu mwanzo?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia mpira wake una mita 20, kwa mita 180 tungeuhamisha mara tisa au kumi, na kila uhamisho una kosa lake linalojumlika, wakati kosa la rova ni lile lile mwanzo na mwisho wa mtaro. Alikubali nusu.

Kumbukumbu kwa nafsi yangu: fimbo ya mita 1.80 ikiinama digrii 2, nukta inahama zaidi ya sentimita 6 kwa ulalo, lakini urefu unabadilika milimita moja tu. Kwa hiyo kwa kazi hii kile kipima maji kidogo nilichokifunga kwenye fimbo kwa selotepu kinatosha.

Jumamosi, 22 Machi

Siku ya mtaro. Nimeanza saa 1 asubuhi, nikipima sakafu ya mtaro kila mita 5, sekunde 30 kila nukta. Vijana wawili walitangulia wakikwangua tope kwa koleo. Nukta 37 kwa jumla.

Kifurushi cha simu kiliisha kwenye mita ya 40. Masahihisho hayali data nyingi, megabaiti chache kwa saa, ila mdogo wangu alikuwa ameazima simu usiku. Rova ilishikilia fiksi kama nusu dakika ikitumia masahihisho ya zamani, kisha ikaachia. Nikaenda kununua vocha.

Kutoka mita 0 hadi 90: fiksi zote, mtaro unashuka sentimita 31. Kutoka mita 115 hadi 180: fiksi zote, unashuka sentimita 32. Katikati, mita 95, 100, 105 na 110, kuna mwarobaini mkubwa wenye kivuli kinachopendwa na mtaa mzima, na chini yake nimepata floti tupu. Nilisubiri dakika 20 kwenye mita ya 105. Urefu ulitembea nusu mita nzima mbele ya macho yangu.

Mita ya 115 imetokea juu ya mita ya 90 kwa sentimita 3. Hiyo inanivutia upande wangu, lakini sentimita 3 ziko karibu mno na kosa la kifaa chenyewe kama nilivyoliona wiki iliyopita. Nikisimama kikaoni na sentimita 3, mjumbe atanimaliza.

Jumamosi, 29 Machi

Fundi na mpira wake tena. Tulianzia kwenye nukta ya fiksi ya mita 90, tukaingia chini ya mwarobaini, tukatokea kwenye fiksi ya mita 115. Mpira ulisema 115 iko juu ya 90 kwa sentimita 2 na nusu. Rova ilisema 3. Nilifurahi kuliko inavyostahili.

Kisha zile nne za kivulini. Mita 95 iko juu ya 90 kwa sentimita 1. Mita 100, sentimita 4. Mita 105, sentimita 9. Mita 110, sentimita 5.

Fundi aligonga sakafu ya mtaro kwenye mita ya 105 kwa nyundo. Ikalia tofauti. Tulikwangua mpaka tukaona: bomba la maji linakatiza mtaro, na aliyelipitisha amelifunika kwa zege kama upana wa hatua moja, akalisawazisha vizuri kwa mwiko. Kazi safi, mahali pabaya. Kwa mteremko uliopo juu yake, sentimita 9 zinatosha kurudisha maji nyuma mita 26, yaani mpaka mita ya 64 hivi. Kibanda cha mama ntilie kiko mita ya 75.

Nimechora mchoro wa urefu wa mtaro kwenye karatasi ya grafu, nukta 33 za setilaiti kwa kalamu ya bluu na 4 za mpira kwa nyekundu, nimempa mjumbe. Amesema kikao ni baada ya sikukuu.

Besi imezimwa leo saa 11 jioni. Mwezi ukiandama kesho, keshokutwa ni Idi, na sinia limeshateremshwa, limesuguliwa kwa majivu, halina tobo. Nikiirudisha besi nitahitaji bati jingine la duara. Kuna mfuniko wa pipa uwani kwa jirani nimeshauwekea jicho.